Mume wangu anaumikwa mara mbili kwa mwezi, sasa anataka kuacha vidonge vya presha

SWALI: Assalaamu alaykum daktari. Mimi niko Wete. Mume wangu ana miaka 54, anaendesha gari ya abiria baina ya Wete na Chake. Ana presha, anameza amlodipini. Mwaka jana mdomo ulimwenda upande kwa kama nusu saa, ukarudi wenyewe, spitali wakamuongezea aspirini ndogo. Mgongo unamsumbua, na kichwa pia. Ami yake, mtu mzima anayeheshimika sana hapa kwetu, humuumika, yaani humchanja ngozi kwa wembe na kuivuta damu kwa vikombe. Mwanzo ilikuwa tarehe 17 ya kila mwezi wa Kiislamu, sasa imekuwa mara mbili kwa mwezi, vikombe tisa. Wembe ni mpya kwa kila mtu, vikombe huoshwa kwa sabuni na Jik. Mara ya mwisho damu ilitoka nyeusi, imeganda kama ini, na mume wangu akaona kiza akaanguka. Ami kasema hiyo ni damu chafu na bado imo, arejee baada ya wiki mbili, na presha itakwisha bila ya vidonge. Yeye kaamini, na kanunua seti yake ya vikombe na nyembe, imo nyumbani. Je, kweli damu ile ni chafu? Vidonge aviache? Ramadhani ikiingia aendelee? Na nitasemaje na ami bila ya kumvunjia heshima?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu.

Nianze na lisilosubiri. Mumeo asiache vidonge, si cha presha wala aspirini, na wembe usimguse tena. Akishayasoma mambo hayo mawili, yaliyobaki anaweza kuyasoma taratibu. Maelezo ni marefu kwa sababu umeuliza mambo mengi na kila moja lina mkia wake.

Ule mdomo uliokwenda upande ukarudi haukuwa upepo mbaya. Kwa ulivyoeleza, kilikuwa kiharusi cha muda mfupi: donge dogo la damu liliziba mshipa wa ubongo, kisha njia ikafunguka kabla ubongo haujaharibika. Aliyepata hicho yumo katika hatari ya kupata kikubwa kuliko mtu mwengine wa umri wake. Daktari aliyemuongezea aspirini hakufanya hivyo kwa ajili ya kichwa wala mgongo. Alitaka damu isigande tena ndani ya mshipa mahali pasipotakiwa. Amlodipini nayo kazi yake ni kuilegeza mishipa ili presha isiipasue wala kuichakaza. Vidonge hivi viwili ndivyo vinavyomuweka nyuma ya usukani akiwa na mikono miwili inayofanya kazi. Akiviacha hatosikia chochote wiki ya kwanza, pengine hata mwezi mzima, na hapo ndipo watu wanapodanganyika kwamba wamepona.

Nieleweke. Mimi si adui wa hijama, yaani huko kuumika. Ni tabibu wa spitali, na jioni naumika watu, nikiwa na glovu na vikombe ambavyo kila mteja huondoka na vyake. Imepokewa na Imam Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliumikwa, aliyemuumika alikuwa Abu Taiba, na akalipwa tende. Imepokewa pia kwamba alitaja shifaa katika mambo matatu, kunywa asali, mchanjo wa muumishi na kuchoma kwa moto, kisha akaukataza umma wake huko kuchoma. Kabla ya hapo Wamisri na Wagiriki walikuwa wakiumika, na Ibn Sina aliiandikia hijama kwa kirefu katika utabibu wake. Hata hapa kwetu Pemba, kabla plastiki haijafika, wazee walitumia pembe la ng'ombe lililotobolewa ncha. Muumishi huliweka juu ya ngozi, huvuta hewa kwa mdomo, na nta aliyokuwa akiitafuna huisukuma kwa ulimi kuziba kitobo bila ya kuliachia pembe. Ulikuwa ufundi hasa, na ulikuwa na hatari zake, kwa sababu mdomo wa muumishi ulikuwa jirani na damu ya kila mteja.

Kwa hiyo sina ugomvi na kuumika. Ugomvi wangu ni na lile neno "bado imo, arejee".

Tuitazame hiyo damu yenyewe. Watu wengi hunitolea simu wakanionesha picha ya kikombe: donge jeusi linalotikisika, pembeni yake maji ya manjano. Huwaambia waende maabara yoyote wamuombe fundi awaoneshe damu aliyoivuta muda si mrefu kutoka mkononi mwa kijana mzima wa afya na kuiacha katika kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda. Wataona donge lile lile na maji yale yale. Damu ikitoka nje ya mshipa huganda, ndiyo tabia yake, la sivyo kila anayejikata na kisu cha kuparia samaki angemalizika. Maji ya manjano, ambayo wengine huambiwa ni sumu au mafuta, ni majimaji ya damu yanayokamuliwa nje donge linapojikaza. Na weusi unatokana na oksijeni kupungua. Kikombe kimeibana ngozi kwa dakika kadhaa, damu ya katika vijishipa vidogo imesimama pale pale, oksijeni yake imetumika, rangi imekuwa ya zambarau. Hata damu inayovutwa spitali kutoka kwenye mshipa wa mkono ni nyeusi kuliko watu wanavyodhani.

Uchafu wa damu una wasafishaji wake. Figo huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu yote, kinachobaki ndio mkojo wa lita moja na kitu. Ini hushughulikia sumu na dawa. Chembe nyekundu zikishafika umri wa kama siku 120, bandama na ini huzikamata na kuzivunja, na chuma chake huwekwa akiba kitumike tena. Kikombe hakina macho ya kuchagua. Kikivuta huvuta vyote pamoja, chembe changa na nzee, protini, chuma, dawa aliyoimeza asubuhi.

Sasa ona mtego ulipo. Kama dalili ya uchafu ni weusi na kuganda, na damu ya kila binadamu itakayovutwa kwa kikombe hutoka nyeusi na kuganda, basi siku ya kuambiwa "umesafika" haitofika. Atarejea wiki mbili, kisha wiki mbili tena. Sisemi ami anafanya hivyo kwa kutaka fedha. Wengi wanaosema hivi wanaamini wanachokisema, ndivyo walivyofundishwa. Lakini mwisho wake ni mmoja.

Mwisho huo tuupigie hesabu. Mchanjo ukiwa wa juu juu kama unavyotakiwa, kikombe kimoja hutoa kijiko cha chai kimoja au viwili. Tuchukue viwili, yaani mililita 10. Vikombe tisa ni mililita 90, mara mbili kwa mwezi ni 180, kwa mwaka ni mililita 2,160. Mwanamume anayechangia damu hutoa mililita 450 na huambiwa asirudi mpaka ipite miezi mitatu, kwa hiyo akichangia kila alipoitwa, mwaka mzima atatoa mililita 1,800. Mumeo anawazidi wachangiaji wa benki ya damu! Nao hupimwa kwanza uzito, presha na wingi wa damu, na aliye chini ya gramu 12.5 za himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, kwa desilita moja hurudishwa nyumbani. Na hii ni hesabu ya mchanjo mdogo. Kama vikombe vinajaa nusu, kama ninavyohisi kwa hilo donge la ini ulilolieleza, basi zidisha mwenyewe.

Kila mililita ya damu ina kama nusu miligramu ya chuma. Mililita 2,160 zinaondoka na zaidi ya gramu moja, na akiba yote ya chuma katika mwili wa mwanamume mzima ni karibu na hiyo gramu moja. Chakula hurudisha polepole, miligramu moja au mbili kwa siku, na chai ya rangi tunayoishushia juu ya chakula hupunguza hata hiyo. Mwaka 2008 madaktari wa Korea Kusini waliandika habari za mwanamume aliyekuwa mzima, hana maradhi, akapungukiwa na damu kwa sababu ya kuumikwa mara kwa mara. Pemba hatuhitaji kwenda Korea kujua upungufu wa damu ni kitu gani. Safura ya minyoo imetuzoea kwa vizazi, na wengi huanza wakiwa tayari nusu tangi. Kichwa kuuma, kuchoka, kuona kiza ukisimama, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi: hizo ni dalili za damu kupungua, na ndizo zile zile zinazomrudisha mtu kwa muumishi akadhani bado imo.

Je, ndivyo alivyo mumeo? Siwezi kujua bila ya kipimo. Kuanguka kwake kunaweza kuwa na sababu nyengine ya haraka zaidi. Mtu akiona wembe na damu yake mwenyewe, moyo wake unaweza kupunguza mwendo ghafla, mishipa ikalegea, ubongo ukakosa damu kwa sekunde kadhaa, akaanguka. Hutokea hata kwa vijana wenye vifua. Ukiongeza kidonge cha presha ambacho kazi yake ni hiyo hiyo ya kulegeza mishipa, na kama tumbo lilikuwa tupu, na kama aliumikwa akiwa amekaa kigodani, mambo yameshakamilika. Ndiyo maana mimi humlaza mtu kifudifudi, namhakikisha amekunywa maji na kula kitu chepesi saa mbili au tatu kabla, na akimaliza haondoki mpaka akae robo saa niione rangi ya uso wake. Na dereva hagusi gari siku hiyo. Kwa hili sina mjadala. Akianguka uani ataumia yeye. Akianguka akiwa kwenye mteremko na abiria nyuma, ni msiba wa mtaa mzima.

Aspirini nayo ina lake. Inazuia chembe zinazoziba jeraha zisishikane vizuri, kwa hiyo mtu anayeimeza hutoka damu kwa muda mrefu zaidi na nyingi zaidi, hata kwa mchanjo ule ule. Waumishi wenye uzoefu wanalijua hilo, na baadhi yao humwambia mteja aiache siku kadhaa kabla ya kuumikwa. Kwa mtu anayeimeza kwa maumivu, sawa. Kwa mtu ambaye mdomo wake ulikwenda upande mwaka jana, ushauri huo ni wa hatari mno. Kinachotakiwa kuachwa hapo ni wembe.

Kuhusu presha, kipo kitu cha kweli ndani ya anachokisema ami, ila kimevutwa kupita kiasi. Utafiti mmoja wa Saudi Arabia uliochapishwa mwaka 2015 ulichukua wagonjwa 80 wa presha, nusu yao wakaumikwa mara tatu. Baada ya wiki nne presha ya juu ya walioumikwa ilikuwa chini kuliko ya wenzao kwa wastani wa pointi 8 na kitu. Ilipofika wiki ya nane hapakuwa na tofauti tena. Na hao walioumikwa hawakuacha dawa zao: waliumikwa na huku wanameza. Mwili wa mtu mzima una kama lita 5 za damu. Ukimtoa mililita 90, mwili hurudisha yale maji ndani ya siku moja au mbili. Ni kama kisima, ukichota ndoo asubuhi jioni maji yamesimama pale pale. Zinazochelewa kurudi ni chembe nyekundu na chuma, yaani vile ambavyo hukutaka vipungue. Presha ya umri wake inatokana na mishipa iliyokaza, figo, chumvi, uzito, urithi. Kikombe cha mgongoni hakiyafikii hayo.

Nije kwenye vikombe, maana hapa ndipo nina wasiwasi zaidi kuliko ulivyouliza wewe.

Wembe mpya kwa kila mtu ni jambo jema, na ami apewe haki yake, si wote wanaofanya hivyo. Lakini chukua kimoja katika vikombe hivyo vya plastiki, kigeuze, tazama kile kijiti cha juu kinachovutwa ili hewa iingie. Ndani yake mna kizibo kidogo cha mpira. Pampu ikivutwa kwa nguvu, povu la damu hupanda mpaka pale, na wakati mwengine huingia mpaka kwenye mpira wa pampu yenyewe. Sabuni haifiki, kitambaa hakifiki. Nimewahi kukichokoa kizibo hicho kwa ncha ya sindano katika vikombe nilivyoambiwa ni safi, chini yake mna ukoko wa kahawia. Virusi vya homa ya ini B huishi katika damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi, na kiasi kisichoonekana kwa jicho kinatosha kumuambukiza mtu. Kikombe hicho kinawekwa juu ya ngozi yenye michanjo iliyo wazi, na hewa inavutwa. Huhitaji wembe wa mtu mwengine hapo.

Jik ni dawa nzuri ikitumika kwa kipimo. Ile ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, chombo kikaoshwa damu kwanza kisha kikazama humo dakika kumi, kizibo kimefunguliwa. Hata hivyo huko ni kupunguza vijidudu tu. Vikombe vya plastiki nyembamba havivumilii mvuke wa moto wa spitali, kwa hiyo sheria inabaki nyepesi: seti moja, mtu mmoja. Muumishi naye avae glovu mpya kila mteja, na nyembe ziingie katika kisanduku kigumu. Na akiwa amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la Zanzibar, awe tayari kuonesha cheti bila ya kununa. Nitasema jambo ambalo wenzangu hawatolipenda: siku za 17, 19 na 21, zilizotajwa katika hadithi, zimekuwa siku mbaya za kuumikwa katika baadhi ya vituo. Watu hujaa, muumishi mmoja hukimbizana na foleni, na hapo ndipo glovu zinapoanza kurudiwa. Tarehe haina kosa. Mwenye kutaka siku hizo aweke ahadi mapema, au aende kwa asiyejaza watu.

Kwa sababu ya vikombe hivyo, namuomba mumeo apime homa ya ini B na C na virusi vya UKIMWI, na wewe upime pia. Simtuhumu mtu kwa lolote. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo mtu wa umri wake hakuipata utotoni. Akionekana hana maambukizi, achanjwe. Ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Na kipimo cha UKIMWI kirudiwe baada ya miezi mitatu tangu mara ya mwisho aliyoumikwa.

Mgongo sasa. Hapa hijama ina hoja yake, na ndio maana watu hawaiachi. Majaribio kadhaa ya maumivu ya kiuno na shingo yameonesha nafuu ya wiki chache. Mengi yalikuwa madogo, na shida yake haina dawa: huwezi kumchanja mtu mgongoni bila yeye kujua kwamba amechanjwa, kwa hiyo nguvu ya kuamini haitenganishiki na nguvu ya kikombe. Mimi naona nafuu ile ni ya kweli hata kama sehemu yake ni imani na sehemu ni kule kulala kifudifudi nusu saa bila ya simu. Lakini kwa misuli iliyokaza, kikombe kikavu, yaani kuvuta bila ya kuchanja, kinatosha kuanzia. Mtakumbuka yale mabaka ya duara kwenye mabega ya muogeleaji Michael Phelps katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Ile ilikuwa kavu, hakuna tone lililomwagika, na medali alichukua. Kwa anayemeza aspirini, kivutwe kidogo tu na kisizidi dakika tano, maana atavilia damu chini ya ngozi kwa urahisi. Pahali penye kidonda, upele au mishipa iliyovimba pasiguswe kabisa.

Lakini mgongo wa dereva hauponi kwa vikombe peke yake. Anakaa saa nyingi, kiti kimebonyea, pengine ana pochi nene mfuko wa nyuma inayompindisha nyonga. Aiondoe hiyo pochi. Aweke mto mdogo au kitambaa kilichokunjwa nyuma ya kiuno. Kila akifika stendi ashuke, atembee, ajinyooshe, asingoje abiria akiwa amekaa. Jioni achuliwe kwa mafuta ya nazi yenye vuguvugu, hili nadhani halihitaji mtaalamu.

Na nina swali ambalo hukunijibu kwa sababu sikukuuliza: anameza nini kwa maumivu? Madereva wengi hununua diklofenaki au brufeni dukani na kuzimeza kama peremende. Dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana na aspirini zinaweza kulitoboa tumbo, mtu akavuja damu ndani kwa ndani bila ya kujua. Kama anazo mfukoni, hizo ndizo za kuacha leo. Panadoli inamfaa zaidi, kwa kipimo chake. Mgongo ukiambatana na ganzi ya miguu, mkojo usiozuilika, homa au kukonda, hapo si wa kuchuliwa wala kuumikwa, ni wa spitali siku hiyo hiyo. Na choo kikiwa cheusi kama lami, vivyo hivyo.

Ramadhani. Mimi si shekhe, ila hili limesomeshwa sana katika darsa zetu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kuumikwa hakufunguzi, ila ni vyema kuepukwa. Wako wanavyuoni wengine, Mahanbali wakiwemo, wanaosema kunafunguza kwa hadithi yao. Anas bin Malik, swahaba wa Mtume, aliulizwa kama walikuwa wakichukia kumuumika aliyefunga, akajibu kwamba hapana, ila kwa sababu ya udhaifu. Jibu hilo la Anas linanitosha kama tabibu. Mtu aliyefunga, anayemeza kidonge cha presha, aliyewahi kuanguka, asiumikwe mchana wa Ramadhani. Vidonge vyake visiachwe kwa sababu ya funga. Amlodipini na aspirini humezwa mara moja kwa siku, zinaweza kuhamia usiku: aspirini baada ya futari, amlodipini kwa saa atakayopangiwa. Aulize spitali mapema kabla mwezi haujaandama.

Nimeiacha habari ya ami mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Ushauri wangu ni kwamba usiseme wewe. Mkwe kumwambia mzee wa nyumba kwamba tiba yake ina kasoro, hata ukipaka asali, yatasikika vibaya, na mumeo atalazimika kusimama upande wa ami. Aende mumeo mwenyewe, na aende akiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Aseme: "Ami, spitali wamenikataza kuchanjwa kwa sababu ya hii dawa ya damu ninayomeza. Nakuomba uniumike kavu, na nimekuja na vikombe vyangu." Hapo hajamkosoa mtu. Kamuweka ami pale pale pake, bado ni yeye anayemtibu. Na kama ami ni mtu wa kusoma, kuna hadithi ambayo Abu Dawud ameipokea, kwamba mwenye kutibu naye hakujulikana kwa utabibu basi yeye ni mdhamini, yaani dhamana ya madhara ni yake. Waumishi wazee wanaijua hadithi hiyo na wanaiogopa. Mumeo asimsomee kwa kumtisha. Amuulize tu: "Ami, mtu wa presha akiachishwa vidonge akapata kiharusi, dhamana inakuwa ya nani?" Kisha anyamaze, mzee ajibu mwenyewe.

Wiki hii apeleke mwili wake spitali ya Wete asubuhi, apimwe presha na wingi wa damu. Mwanamume aliye chini ya gramu 13 ana upungufu, na akikutwa hivyo aulizwe pia habari za tumbo, apimwe na choo kwa minyoo, asikimbilie tu vidonge vya kuongeza damu. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, asirudi nyumbani bila ya kuonana na daktari. Mdomo ukienda upande tena, mkono ukilegea au maneno yakimvuruga, hata kama yatapita baada ya dakika tano, ni spitali moja kwa moja. Si kwa ami, si kwangu.

Ile seti iliyomo ndani muiweke, vikombe vitamfaa kwa mgongo, andikeni jina lake juu ya boksi na asiazimwe mtu, hata ndugu. Nyembe zitoeni humo. Msizitupe jaani, watoto hucheza huko. Zitieni katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mkienda kupima mchukue chupa hiyo, na muiulizie sehemu ya sindano zilizotumika.